Jinsi ya kujenga picha ya nyenzo mseto, kwa anayejifundisha mwenyewe

Sijawahi kukaa darasa la uchoraji. Ninachokijua nimekipata kwa kupaka, kubandua na kupaka tena. Nilifundishwa zaidi na mabaki niliyokuwa nikiyatunza bila kujua nitayafanyia nini, na makosa yaliyoniharibia kazi nilizozipenda. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza picha yake ya kwanza inayochanganya rangi, karatasi, kitambaa, uzi na chochote kingine kinachoshika gundi. Nitakupitisha kwenye picha moja niliyoitengeneza mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, ili uone uamuzi mmoja unavyozaa mwingine.

Picha hiyo ilianzia kwenye karatasi ya kukatia nguo. Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Macho yalipoanza kumsumbua akaacha kushona, akanikabidhi furushi la violezo vyake: karatasi za kahawia zilizokunjwa na kukunjuliwa miaka mingi hadi mikunjo ikawa laini kama kitambaa. Kimoja kilinishika. Kilikuwa na umbo la kengele pana, ukingoni kina tundu za pini zilizopangana mbili mbili, mstari wa chaki ya bluu uliokwisha kufifia, na katikati mwandiko wake wa penseli: "mkono wa kushoto". Fundi yeyote anajua kuwa hapo pameandikwa mkono wa gauni. Mimi kila nikiusoma niliuona mkono wa mama mwenyewe, ule uliokuwa ukiongoza kitambaa huku wa kulia ukizungusha gurudumu la cherehani.

Sikuwa na wazo lolote la picha. Nilikuwa na karatasi tu, na ndipo ninapokushauri nawe uanzie. Nimeshaanza picha nyingi nikiwa na neno kubwa kichwani, upweke, uhuru, safari, na nyingi zilinishinda katikati, kwa sababu neno kubwa halikuambii upake rangi gani wala ubandike nini wapi. Karatasi yenye tundu za pini inakuambia.

Hatua ya 1: Kusanya

Tafuta boksi la kadibodi lenye kifuniko, uliweke mahali unapopita kila siku. Kwa mwezi mzima tia humo kila kitu bapa kinachokusimamisha: bahasha, tiketi, kipande cha ramani, ukurasa wa daftari la hesabu, kitambaa kilichochanika, uzi, karatasi ya kufungia. Sharti ni moja tu: kiingie kwa sababu kimekugusa. Vitu vya "huenda vikafaa siku moja" hujaza nyumba na havianzishi picha. Nyuma ya kila kitu andika kwa penseli tarehe na kilikotoka. Baada ya mwaka utakuwa umesahau, na kumbukumbu hiyo ni nusu ya thamani yake.

Mjerumani Kurt Schwitters alijenga kazi zake nyingi juu ya tabia hii. Kuanzia 1919, mjini Hannover, aliokota tiketi za tramu, vipande vya mbao na karatasi za matangazo, akavibandika na kuvipaka rangi. Hata jina aliloipa sanaa yake, Merz, ni kipande: alilikata kutoka kwenye neno Kommerz, yaani biashara, lililochapwa kwenye karatasi.

Ninayempenda zaidi, hata hivyo, ni Bill Traylor. Alizaliwa utumwani huko Alabama, Marekani, katika miaka ya 1850, na alianza kuchora akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, ameketi kando ya barabara mjini Montgomery. Alichorea kadibodi zilizotupwa. Kadibodi ikiwa imepinda ukingo au ina doa, hakuikata iwe mstatili nadhifu. Aliuacha ule upinde na lile doa viamue mtu wake asimame wapi, au mnyama wake ageukie upande gani. Ukiweza kujifunza hilo moja kabla hujanunua hata brashi, umeshatangulia mbali.

Macho nayo yanahitaji mazoezi. Leonardo da Vinci, mchoraji wa kale wa Italia, aliwashauri wachoraji watazame kuta zenye madoa, kwa kuwa ndani ya madoa mtu huona milima, mapigano na nyuso. Siku hizi tuna simu, kwa hiyo fanya hivi: kila siku piga picha moja ya kitu kilicholika au kuachwa. Ukuta uliobambuka rangi, bango lililochanwa likaacha bango la zamani chini yake, kutu, kivuli cha wavu. Sogea karibu hadi kitu kisitambulike kwa urahisi. Zikifika 30, zitazame zote kwa pamoja na ujiulize ni nini kinajirudia. Katika zangu 30 za kwanza, zaidi ya nusu zilikuwa na mistari ya maungio: bati linapokutana na bati, ubao na ubao, lami na saruji. Nilikuwa natafuta mishono bila kujua. Hiyo ndiyo namna ya kuutambua msukumo wako, kwa kuhesabu ulichokwisha kukitazama.

Hatua ya 2: Vifaa vichache

Usinunue duka zima. Anza na ubao wa plaiwudi au hadibodi, sentimita 30 kwa 40. Turubai iliyovutwa kwenye fremu inanesa, na vitu vizito vilivyobandikwa juu yake hupata nyufa au huachia. Ukitaka kufanyia kazi kwenye karatasi, chukua nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, maana nyepesi hujikunja ikilowa.

Rangi ziwe za akriliki, zile zinazochanganyika na maji na kukauka haraka, nne zinatosha: bluu ya altramarini, kahawia iliyochomwa, njano ya udongo na nyeupe. Bluu hiyo na kahawia hiyo zikichanganywa zinatoa weusi wenye uhai kuliko mweusi wa kopo, na ukiongeza kimoja kuliko kingine weusi wako unakuwa wa baridi au wa joto. Rangi chache zina faida nyingine: karatasi na vitambaa vyako tayari vina rangi zao, na wewe huhitaji kushindana navyo.

Gundi bora ni jeli ya akriliki isiyong'aa. Inabandika, inaziba, na ikikauka inakuwa angavu. Gundi nyeupe ya maji inafaa kwa mazoezi. Ongeza brashi mbili bapa, sifongo, tambara, mkasi, wembe, msasa laini, na kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake. Kadi hiyo ndiyo kifaa ninachokishika kuliko vyote.

Sasa sheria moja ambayo ningeijua mapema ingeniokoa. Rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya akriliki iliyokauka, lakini akriliki isipakwe juu ya mafuta. Akriliki hukauka kwa maji kutoka, haraka, ikabaki utando wa plastiki. Mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni polepole, kwa miezi, na uso wake hauipi akriliki kitu cha kushika. Mimi nilipaka akriliki juu ya picha ya zamani ya mafuta ili nisipoteze ubao. Ilipendeza kwa miezi kadhaa. Kisha pembe moja ikanyanyuka, nikaivuta kidogo kwa ukucha, na anga lote likabanduka kwa kipande kimoja kama utando wa maziwa. Nililia.

Na afya yako: vumbi la msasa livaliwe barakoa, dawa za kupuliza zitumiwe nje penye hewa, brashi isiwekwe mdomoni, na kikombe cha kuoshea brashi kisiwe kikombe cha kunywea. Baadhi ya rangi, hasa zenye kadimiamu, ni sumu zikiingia mwilini, kwa hiyo zisipigwe msasa kabisa.

Hatua ya 3: Andaa ubao

Hapa ni kazi ya saa chache tu. Piga msasa, futa vumbi, paka jeso, yaani rangi nyeupe ya kutandikia, mikono miwili au mitatu, kila mmoja ukienda kinyume cha uliotangulia. Paka na nyuma pia. Ubao uliopakwa upande mmoja huvutwa na rangi inapokauka, ukapinda. Mwisho usiuache mweupe: mwaga kahawia iliyoyeyushwa, uifute na tambara, ubaki na ubao wa rangi ya vumbi. Weupe mtupu unatisha, na pia unakudanganya, kwa kuwa kila rangi utakayoiweka juu yake itaonekana nyeusi kuliko ilivyo.

Hatua ya 4: Panga bila gundi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nami niliiruka kwa miaka. Weka kila kitu mahali pake bila tone la gundi. Hamisha. Zungusha. Ondoa. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, alipokuwa mgonjwa na hawezi tena kusimama muda mrefu mbele ya turubai, alikata maumbo kwa mkasi kutoka karatasi zilizopakwa rangi, na maumbo hayo yakabandikwa ukutani kwa pini ili yaweze kuhamishwa mara nyingi kabla ya kugandishwa. Fanya hivyo hivyo kwa pini au utepe wa karatasi.

Kwanza amua kikubwa. Picha yenye vitu vingi vya ukubwa sawa huchosha macho kwa kuwa hayajui pa kutua. Mimi nilikipa kile kiolezo upande wa kushoto wa ubao wa sentimita 60 kwa 80, kikachukua karibu theluthi. Kisha vitu vya kati: kipande cha bitana ya kijivu, na karatasi ya daftari la vipimo vya wateja. Vidogo vikaja mwisho, uzi na kitufe.

Ukishapanga, jaribu haya matatu. Fumba macho nusu: vitu vidogo vinapotea, unabaki na mabaka ya mwanga na giza, na kama mabaka hayo hayapendezi basi hakuna kitu kidogo kitakachoyaokoa. Piga picha kwa simu uigeuze ya weusi na weupe: rangi mbili ulizodhani zinatofautiana zinaweza kuwa na uzito uleule, zikaungana. Mwisho geuza ubao juu chini. Picha iliyogeuzwa haina habari tena, ina mizani tu, na utaona mara moja upande upi umelemewa.

Piga picha kila mpangilio. Nilikuwa na mipangilio 11, na nilichagua wa nne.

Hatua ya 5: Bandika

Kabla ya gundi, jiulize kama kitu hicho kinaweza kupatikana tena. Barua, picha ya familia, cheti: toa kopi ubandike kopi. Kama kitu si chako peke yako, omba. Nilimwendea mama nikamwambia nataka kutumia kiolezo chenyewe, maana tundu za pini hazitoki kwenye kopi. Akanijibu kwamba karatasi hukatwa ili itumike. Hata hivyo nilitoa kopi kadhaa kwanza.

Jiulize pia kama kitadumu. Karatasi ya gazeti ina lignini nyingi, ile inayofanya mti uwe mgumu, nayo ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka njano na kukatika. Kuiziba kwa jeli pande zote mbili kunapunguza kasi, hakuzuii kabisa. Basi ukiipenda itumie ukijua itabadilika, au itoe kopi kwenye karatasi isiyo na asidi. Majani mabichi, maua na chochote kinacholiwa na wadudu nimekwisha kuviacha.

Na picha kutoka magazetini? Ni kazi ya mpiga picha fulani. Kwa mazoezi ya nyumbani hakuna tatizo, lakini ukitaka kuonyesha au kuuza, tumia picha ulizopiga mwenyewe. Kazi yako itakuwa yako zaidi.

Kubandika kwenyewe ni hivi. Paka jeli nyembamba ubaoni, paka na nyuma ya karatasi, uiache dakika moja inywe unyevu ilegee. Karatasi huvimba ikilowa. Ukiibandika kabla haijavimba, itavimbia ubaoni, na hapo ndipo mikunjo inapotoka. Ilaze kuanzia katikati, usianzie ukingoni. Chukua kadi ya plastiki, sukuma hewa kutoka katikati kwenda nje, kwa mkono mwepesi, ukifuta jeli inayotoka pembeni. Paka jeli nyingine juu. Kisha weka karatasi ya nta, weka ubao mwingine na vitabu vizito, uache hadi kesho yake. Kishawishi cha kufunua na kuchungulia baada ya saa moja ni kikubwa. Ukifunua mapema pembe hunyanyuka, na pembe iliyonyanyuka mara moja hurudia.

Kitambaa kinakunywa jeli nyingi kuliko karatasi, kwa hiyo usiwe bahili. Uzi nilioushona nilipitisha kwanza kwenye karatasi kwa sindano kabla ya kubandika, maana kutoboa plaiwudi kwa sindano hakuwezekani. Kitufe, na chochote chenye uzito, kinataka jeli nzito na siku mbili kikiwa kimelala bapa.

Hatua ya 6: Hamisha picha kwenye ubao

Njia hii hukuwezesha kupata picha au maandishi bila karatasi yenyewe, kama yamechapwa ndani ya rangi. Unahitaji kopi ya mashine inayotumia tona, wino wa unga, yaani fotokopi au printa ya leza. Wino wa printa ya kawaida huyeyuka ukilowa.

Paka jeli kwenye ubao, laza kopi uso ukitazama chini, ikandamize kwa kadi, uache ikauke usiku kucha. Kesho yake lowesha mgongo wa karatasi kwa sifongo. Itakapokuwa imelowa vizuri, sugua kwa ncha ya kidole, mizunguko midogo midogo, karatasi itoke kama tambi ndogondogo. Tona inabaki kwenye jeli. Iache ikauke. Utaona ukungu mweupe, ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena. Mara mbili au tatu zinatosha, na ukizidisha utaisugua tona yenyewe. Halafu ziba kwa jeli, na ukungu uliobaki unafifia.

Kopi ikilazwa uso chini, picha hutoka imegeuka kama kwenye kioo. Kwa hiyo kama kuna maandishi, kopi igeuzwe kwanza. Nilikuwa nimepanga kuhamishia upande wa kulia kivuli chepesi cha kiolezo kilekile, mwangwi wa kile cha kushoto, nikasahau kugeuza. Niliposugua karatasi ikatoka, nikaona mwandiko wa mama ukisomeka kinyumenyume, na mviringo wa juu wa mkono umeelekea upande mwingine.

Nilikaa na tambara mkononi nikifikiria kuukwangua wote. Kisha nikakumbuka mezani kwa mama. Fundi hana haja ya violezo viwili vya mikono. Hukata mmoja, hukigeuza kiolezo hichohicho uso chini, akapata wa pili. Kumbe jeli ilikuwa imefanya kazi ya fundi: ubao sasa ulikuwa na mkono wa kushoto na wa kulia, wa karatasi na wa kivuli. Picha ilipata umbo lake hapo, na kwa wiki tatu nilizokuwa nikichora michoro ya matayarisho sikuwa nimeliona.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu makosa una sehemu mbili. Geuza kopi yako. Na ukisahau, usikwangue siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Rangi juu ya yote

Sasa una ubao wenye vitu vilivyobandikwa, na kila kimoja kinaonekana kama mgeni. Rangi ndiyo inayovifanya viwe ndugu. Chukua kiasi cha punje ya rangi, kichanganye na kijiko cha jeli hadi kiwe kama kioo chenye rangi, ukipitishe juu ya vitu viwili au vitatu vilivyo jirani kwa pamoja. Wataanza kuzungumza. Usiyeyushe rangi kwa maji mengi, kwa kuwa kinachoishikilia rangi kinakuwa chembamba na siku moja inafutika.

Kahawia yangu niliipitisha juu ya kiolezo chote, nikasubiri kidogo, nikaifuta kwa tambara lenye unyevu. Juu ikaondoka. Ndani ya tundu za pini ikabaki. Tundu ambazo ungelazimika kuinamisha ubao kwenye mwanga ndipo uzione, sasa zilikuwa safu mbili za nukta nyeusi zinazozunguka umbo lote. Jaribu hili kwenye chochote chenye mikwaruzo, mikunjo au mfumo wa nyuzi: paka, subiri, futa. Ni mbinu rahisi kuliko zote na ndiyo ninayoitumia zaidi.

Ukitaka kurudi nyuma, piga msasa taratibu baada ya kukauka, matabaka ya chini yachungulie. Ukitaka rangi isishike mahali fulani, chora kwanza kwa kreyoni ya nta, kisha pitisha rangi ya maji. Pasteli za mafuta, vile vijiti laini vya rangi, ziwe za mwisho kabisa, kwa kuwa hazikauki ngumu na akriliki haishiki juu yake. Mkaa nao unapendeza sana juu ya jeso, ila uupulizie dawa ya kushikilia kabla ya kuweka jeli, la sivyo brashi itaukokota wote uwe tope.

Hatua ya 8: Picha ikigoma

Itagoma. Kila picha yangu ina wakati ambapo si ubao mtupu wenye matumaini wala si kazi. Yangu hii iligoma kwa mwezi na zaidi: mikono miwili, katikati pengo. Nilijaribu kulijaza kwa cherehani iliyochorwa, kwa maua, kwa uso. Kila kitu kilionekana kimetiwa kwa nguvu.

Ninachofanya siku hizo ni kugeuzia ubao ukutani na kwenda kutazama kazi za wengine, hasa za waliojifundisha. Ndivyo nilivyomrudia Horace Pippin. Mmarekani huyu alipigwa risasi ya bega la kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mkono haukuinuka tena ipasavyo. Alianza kwa kuchoma mistari kwenye mbao kwa chuma cha moto, akapaka rangi ndani yake. Alipofanya kazi na brashi, mkono wa kushoto uliushikilia wa kulia ili ufike. Nilipoitazama picha yake akiwa kazini nikaona kilichokosekana kwenye ubao wangu. Mikono yangu miwili ilikuwa imesimama mbalimbali kama majirani wasiosalimiana. Nilichukua uzi mwekundu, nikaupitisha kutoka tundu la mwisho la pini la kushoto, ukavuka pengo ukiwa umelegea kidogo, hadi kwenye kivuli cha kulia. Uzi mmoja tu. Pengo likabaki pengo, na likawa na maana.

Kama huna wa kumrudia, jaribu njia ya mkono: kata vipande vya karatasi za rangi, uviweke juu ya sehemu inayokusumbua bila gundi, piga picha, ondoa. Au funika robo ya picha kwa karatasi nyeupe. Mara nyingi utagundua kuwa tatizo ni kitu kilichopo, na mara nyingi ni kile unachokipenda sana. Nilikuwa na kitufe cha lulu nilichokitafutia nafasi kwa wiki nzima. Nilikiondoa dakika tano baada ya kuweka uzi.

Utajuaje kuwa imekwisha? Mimi huipitia siku tatu mfululizo asubuhi, kabla macho hayajachoka. Nikikosa cha kubadilisha siku zote tatu, nasimama. Nikiona cha kuongeza lakini si cha kurekebisha, nasimama pia.

Hatua ya 9: Linda, andika, onyesha

Acha kazi ikauke angalau wiki mbili, zaidi kama kuna matabaka manene. Pitisha jeli nyembamba au dawa ya akriliki juu ya yote ili iwe kinga kati ya kazi na vanishi, kisha vanishi isiyong'aa, mikono miwili. Isiyong'aa inafaa nyenzo mseto kwa sababu karatasi, nguo na rangi hung'aa tofauti, na vanishi huziweka sawa. Usiitundike penye jua la moja kwa moja.

Nyuma ya ubao andika kila tabaka kwa mfuatano: jeso, kahawia, kiolezo halisi, bitana, kopi ya tona, jeli, uzi, vanishi, na mwaka. Kazi ya namna hii siku moja itahitaji kurekebishwa, na atakayeirekebisha, hata kama ni wewe, atahitaji kujua kilichoko ndani.

Halafu mwonyeshe mtu anayekijua kile kitu ulichoanzia, kabla ya kumwonyesha anayejua sanaa. Nilimpelekea mama. Aliuweka ubao magotini, akausogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya nukta za pini moja baada ya nyingine bila kusema. Alipofika kwenye mwandiko uliogeuka, akacheka kidogo. Nikamweleza lile nililoligundua, kwamba kiolezo kimoja kinatosha mikono yote miwili. Akaniambia ni kweli, ila si hicho. Mkono wa kushoto wa mteja yule ulikuwa mnene kuliko wa kulia, ndiyo maana akakata viwili, na ndiyo maana akaandika.

Niligeuza ubao, nikaongeza hilo kwa penseli chini ya orodha ya matabaka.